Fremu ya Pande Tatu

Nzilani ameniletea picha ndani ya gunia la mchele,
imefungwa kamba ya katani, rangi bado mbichi pembeni.
"Itie fremu," anasema. "Alhamisi wanakuja kuichukua."
Hasemi aliyechorwa ni nani. Hana haja.
Nimemjua kwa magoti.

Karakana yangu iko Ngara, nyuma ya mafundi redio,
vumbi la mbao na mapafu yangu ni ndugu wa kunyonya.
Naegemeza turubai ukutani, nawasha taa.

Mama ameketi kwenye karai katikati ya uwanja wa Makongeni.
Karai ni kavu. Yeye amelowa.
Mstari unaogawa nywele zake ni reli:
behewa moja linashuka kutoka utosini kuelekea sikio la kushoto,
halina dereva, na madirisha yote yanawaka.
Uso hana.
Uso umeanikwa nyuma yake, kambani, baina ya shuka mbili,
umeshikwa na vibanio vya mbao,
na upepo unaufanya ucheke.

Mikono inachambua njegere.
Kila ganda analolipasua lina meno ya maziwa,
matano, sita, yamejipanga safi,
naye anayatia sufuriani
kama mtu aliye na wageni jioni.

Ningetaka kubisha. Karai letu lilitoboka,
tulilipandia vitunguu.
Lakini nitambishia nini aliyelala na Mama chumba kimoja
mpaka mwisho, mimi nikija Jumapili na matunda?

Mwaka ule maneno yalimtoka moja moja,
kama wapangaji wanaohama usiku bila kuaga.
Kijiko kikawa "kile cha mdomo".
Dirisha likawa "pale inapoingilia kesho".
Nzilani aliitwa shangazi, akaitwa nesi, akaitwa wewe.
Mimi aliniita Kilonzo.

Mara ya kwanza nilimsahihisha.
Mara ya pili nilitoka nje, nikajifanya natafuta kiberiti.
Mara ya tatu niliitika.
"Umechelewa," akasema. "Nimekuwekea."
Akatoa mfukoni kipande cha mkate kilichokauka kama kigae,
nami nikakila chote, mbele yake,
kwa meno ya marehemu.

Napima. Urefu uko sawa.
Upana umezidi mbao nilizokata kwa inchi tatu.
Fremu ni kitu kinachokula, wateja hawajui,
kila upande hula kidogo.
Nachomoa penseli sikioni, natafuta kipi kiliwe.

Kushoto kuna bomba, na foleni ya mitungi inayosengenya.
Juu wamo korongo wa Nyayo, makarani waliostaafu,
kila mmoja ameshika bahasha tupu.
Kulia, ukingoni kabisa, pale macho hayafiki,
kuna patipati ya mtoto, moja, ya buluu,
kamba yake imeshikizwa kwa waya.

Waya ule niliutia mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliukunja kwa jiwe,
nikamwambia Kilonzo, sasa kimbia, haitakatika tena.
Nzilani hakuwa amezaliwa.
Hatukupigwa picha mwaka huo, wala baadaye
hakuna aliyeniuliza kuhusu viatu.
Ni Mama peke yake aliyeiokota kando ya reli,
akaifunga ndani ya leso, akanyamaza miaka thelathini na minane.

Kumbe maneno yalipokuwa yakihama usiku
kuna mlango mmoja yalikobisha.
Kumbe binti alifungua, akayapa mahali pa kulala.

Nazima taa. Nawasha tena.
Napigilia juu. Napigilia chini. Napigilia kushoto.

Alhamisi Nzilani anaitazama picha, ananitazama mimi.
Rangi ya buluu imemkauka kwenye kucha.
"Umesahau upande mmoja."
Namwambia mbao ziliisha.

Nyuma yangu mbao zimesimama hadi darini.
Anaziona. Anachukua gunia lake,
analikunja mara mbili, mara nne,
taratibu, kama nguo ya mtoto.